Nilikimbia Kipimo, Mdogo Wangu Akabaki

Assalamu alaykum, mama zangu na ndugu zangu. Mtaniwia radhi, ntazungumza nikiwa nimekaa. Si jeuri. Kusimama kwingi bado kunanichosha, na hata haya maneno yenyewe yananichosha kabla sijayatoa.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki ananiomba niseme tangu Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, na kila mara nikimkwepa. Juzi tulipokuwa matangani kwa yule mwenzetu tuliyemzika, alinivuta pembeni akaniambia niseme mie, kwa sababu wengine hawajui pa kuanzia. Basi leo nasema. Yatakuwa maneno ya choo, na ya mahali ambapo hatupataji mbele za watu. Mwenye kuona haya aangalie mkeka, lakini masikio ayaache wazi.

Mie mnanijua, mshona kofia. Nakaa hapa Bububu tangu niolewe, lakini kwetu ni Uroa. Tulizaliwa watatu tumbo moja: kaka yetu mkubwa, halafu mie, halafu mdogo wangu wa kike ambaye hadi leo yuko Uroa na mumewe. Majina nnayaacha. Wenyewe hawapo hapa kunikubalia.

Kaka alikuwa dereva wa lori, akibeba mbata za nazi kutoka shamba kuleta mjini. Mwaka wa pili baada ya Mapinduzi tukamwona anapungua. Shingo ikawa nyembamba, kanzu inamning'inia. Ukimwuliza, anasema kazi. Kumbe huko nyuma alikuwa ametokwa na damu chooni kwa muda mrefu, mwaka na zaidi. Mwenyewe alisema ni bawasiri, ugonjwa wa watu wa kukaa, dereva gani hana. Mkewe akijua, maana ndiye aliyekuwa akifua nguo zake, lakini alikuwa ameapishwa asimwambie mtu. Simlaumu. Mume kakwambia funika, nawe unafunika.

Alipokubali kupelekwa hospitali, tumbo lilikuwa limejaa limekaza kama ngoma. Hapati choo wala upepo. Walimpasua, wakatazama, wakamshona. Hawakuwa na la kufanya.

Sasa nisikilizeni hapa. Siku mbili kabla hajafariki, daktari alikuja kitandani na nesi mmoja mtu mzima wa hapa hapa mjini, ambaye ndiye alikuwa akitufasiria, kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha salamu tu. Akatuuliza mie na mdogo wangu, baba yenu alikufa na nini? Tukasema tumbo. Na kabla yake? Tukasema bibi mzaa baba, naye tumbo. Daktari akaandika. Halafu akasema, na nesi akatufasiria pole pole, kwamba huu ni ugonjwa wa utumbo mkubwa, unaitwa saratani. Mie neno hilo nikilijua kwa watu wa falaki tu, jina la nyota. Akasema hauanzi hivi mnavyouona. Unaanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo, laini, hakiumi, mtu anakaa nacho miaka anakula na kucheka. Kikionekana wakati huo kinatolewa, na mtu anakuwa amekingwa. Kikiachwa ndipo kinapogeuka. Akasema nyinyi mlio damu moja na huyu, msingoje kuumwa. Mje mtazamwe mkiwa wazima.

Mkiwa wazima. Neno hilo ndilo lililonishinda. Kwetu sisi mzima haendi hospitali. Hospitali unakwenda umebebwa.

Kaka akazikwa Mwanakwerekwe. Ilipopita arubaini yake mdogo wangu akaja kutoka Uroa, akaniambia, dada, twende. Nikakubali kwa sababu ya majonzi, sikukubali kwa akili.

Tulipofika mara ya kwanza tulipewa masharti. Siku tatu tusile nyama wala samaki, tule muhogo, ndizi na mchicha. Halafu tulete choo kidogo kila mmoja ndani ya kibweta kitupu cha kibiriti. Nesi akatueleza kwamba damu nyingine haionekani kwa macho, lakini wakitia dawa yao rangi inageuka, wanajua ipo. Tukafanya. Nilivifunga vile vibiriti kwenye kitambaa, nikaviweka chini kabisa ya kikapu, juu nikaweka kofia zangu za kushona. Ndani ya gari nilijiona kama kila mtu anajua nimebeba nini.

Siku hiyo ya kupeleka vibiriti ndiyo ilikuwa siku ya kutazamwa pia. Tulipigwa bomba la maji kusafishwa utumbo, halafu tukawekwa kwenye benchi tungoje kuitwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikaona kitanda, nikaona daktari ananawa mikono, mwanamume, kijana kuliko mdogo wangu. Kwenye meza ya pembeni kuna mrija wa chuma wenye kitaa kidogo mbele. Nesi akaja akatueleza kwamba mtu atalala ubavu, magoti ayapandishe kifuani, ajifunike kwa shuka, pabaki pale pale tu panapotazamwa. Alitueleza kwa upole, mwanamke yule. Nikamwambia mdogo wangu nnakwenda kunywa maji.

Sikurudi. Nilitoka mpaka barabarani, nikaenda kukaa Darajani kwenye magari, nikavuta buibui likaniziba uso. Mdogo wangu nilimwacha peke yake pale ndani. Ndugu zangu, nawaambia hili kwa sababu watu wakihadithia habari zangu huanza na ugonjwa wangu. Mie naanza na hapa.

Alinikuta karibu na adhuhuri. Alikuwa anatembea kwa taratibu, macho mekundu, lakini ametulia. Akakaa ubavuni kwangu. Akasema wameona kinyama, kimesimama juu ya kikonyo chake, ukubwa wake kama karafuu mbichi, na Jumatatu atarudi wakitoe. Halafu akasema na jambo jingine. Nesi amempa maneno ya kuniletea. Vibiriti vyetu vyote viwili vimegeuka rangi. Mwambie dada yako arudi, asikawie.

Nikamwambia rangi imegeuka kwa sababu nilikunywa mchuzi wa nyama. Uongo. Sikunywa mchuzi wowote, na yeye alijua, maana siku tatu zile tulikula sahani moja. Nikamwambia madaktari hawa wageni wanatafuta watu wa kujifunzia. Nikamwambia pia kwamba yeye ameshaivua sitara ya nyumba yetu mbele ya mwanamume, kwa hiyo asinivue na mie. Na maneno haya asiyaseme tena, si kwangu wala kwa mume wangu. Magari yakaja, tukapanda kila mtu lake.

Jumatatu alikwenda, wakamtoa kile kinyama kwa mrija ule ule, bila ya kumpasua, na jioni alikuwa kwake Uroa anapika. Kinyama chenyewe kilitazamwa, kikakutwa hakijageuka. Mie habari hizo nilizipata kwa watu. Alikuja Idd ya kwanza baada ya hapo, na ya pili yake, na kila akija ananitazama usoni tu, hasemi. Mie kutazamwa kule kukawa kunaniudhi. Idd ya tatu nikamtolea maneno mbele ya wifi zangu, kwamba anakuja kuninusa kama maiti. Basi hakuja tena.

Damu nilianza kuiona mwenyewe mwaka uliofuata. Kidogo, halafu inapotea wiki mbili, nafurahi, halafu inarudi. Nikasema bawasiri, sisi ni watu wa kukaa. Maneno ya kaka, herufi kwa herufi, na sikuyasikia kuwa ni yake. Nikanywa mizizi. Nikanywa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, nikasomewa, na dua siikatai, naihitaji hata leo. Lakini niliyaomba yote hayo huku nikimficha msomaji nnachoumwa. Nilimwambia naumwa na kichwa.

Nilichoka, ndugu zangu, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kofia moja ambayo nikiimaliza kwa wiki tatu ikawa inanichukua miezi. Macho yanaona ukungu, sindano inakosa tundu. Na mnakumbuka ilikuwa miaka ya foleni, mchele kwa kupanga mstari, sukari kwa kupanga mstari. Siku moja nimepanga tangu asubuhi, jua limeshapanda, nimebakiwa na watu kama wanane mbele yangu, nikaanguka. Walinirudisha nyumbani, mmoja kanishika kulia na mwingine kushoto. Nanyi wawili mlionishika mko hapa. Mliniambia njaa, nami nikasema naam, njaa.

Mume wangu ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Hakuniuliza kitu. Asubuhi yake alifunga kibanda, akaenda Uroa.

Adhuhuri haijafika mdogo wangu akawa mlangoni kwangu. Nilikuwa nimelala kitanda cha ukumbini. Akaniamkia, "Shikamoo, dada," nikamwitikia, akavua buibui akalikunja, akakaa chini karibu na kichwa changu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Nilitaka agombe, ili na mie nipate pa kushikia. Hakugomba.

Akasema, "Mie kila mwaka nnakwenda. Nnavua, nnalala ubavu, wananitazama. Kila mwaka naona haya, wala haipungui. Lakini haijaniua, dada. Kaka imemwua."

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko mie.

"Nilipewa maneno yako nikuletee. Ukayakataa, nikarudi nayo. Nshayabeba miaka, nikilala nayo, nikiamka nayo, nikisikia gari la kutoka Bububu nasema ndiyo wanakuja kuniambia umekufa. Leo nnayaweka hapa. Siwezi tena kuyabeba."

Halafu akainuka akaenda jikoni kutazama kuna nini cha kupika.

Sijui nikwambieni nini kilichovunjika ndani yangu. Si kwamba niliacha kuogopa. Niliona tu kwamba kile nilichokuwa nikikiita sitara yangu, mtu mwengine ndiye aliyekuwa akikilipia. Alipoleta uji nikamwambia, kesho. Akasema, kesho. Mume wangu alikuwa uani, akasikia, akaanza kuosha baiskeli ambayo ilikuwa safi.

Nesi alikuwa yule yule. Nilidhani atanisema. Alinitazama, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Karibu, Bi. Umekuja." Basi. Mpaka leo namwombea.

Nilisafishwa, nikalala ubavu, nikapandisha magoti. Mdogo wangu alisimama upande wa kichwa, mkono wake ndani ya mkono wangu. Mrija ni baridi, na kuna wakati unasikia kama unataka kwenda choo na huwezi, na tumbo linajaa upepo. Kunakera. Sitawadanganya kwamba hakukeri. Lakini kumaliza kwake ni muda wa birika la chai kuchemka. Nilipoambiwa nijifunike, nililia kwa kwikwi, na nesi akadhani nimeumia. Nikamwambia sikuumia. Nilikuwa nalia kwa ufupi wake. Miaka yote ile nilikikimbia kitu cha muda wa birika la chai.

Kilichoonekana kwangu hakikuwa tena cha kukonyolewa. Kilikuwa kimekaa kwenye ukuta wa utumbo kama kidonda chenye ukingo. Walikata kipande wakapeleka bara kutazamwa, tukangoja. Majibu yakaja: ni saratani. Daktari akasema inaonekana bado iko ndani ya utumbo, haijatoka kwenda kwengine, lakini hawezi kuniapia mpaka wanipasue. Nikamwuliza kupitia kwa nesi, ningekuja siku ile, ingekuwaje? Nesi alisita kufasiri. Daktari alipojibu, alijibu kwa kirefu, na nesi akanifasiria kwa neno moja, kwamba tutazame ya mbele.

Walinikata sehemu ya utumbo, wakaunga. Na ili mahali palipoungwa papumzike, walinitoboa hapa ubavuni mwa tumbo, choo kikawa kinatokea hapo. Miezi mitatu. Sina maneno mazuri ya miezi hiyo. Hakuna mfuko wala kitu maalumu, tulitumia vitambaa vya kanga kuukuu, unafunga, unafungua, unaosha, unaanika, unafunga. Ngozi inaungua. Harufu unaisikia wewe mwenyewe kwanza, kisha unatazama nyuso za watu kama nao wanaisikia. Mlipokuja kunitazama nikasema mwambiwe nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nakusikieni kutoka chumbani mnavyoulizia hali yangu kwa sauti ndogo, na nilitaka muingie, na nilitaka muondoke.

Kilichoniumiza zaidi ni sala. Nikajiona najisi, nikaacha kusali. Siku kumi, ishirini. Mume wangu akatambua, naye bila ya kuniuliza akaenda kwa mwalimu wa msikitini akamweleza. Akarudi na jibu kwamba mwenye udhuru ana hukumu yake: ajisafishe anavyoweza, abadilishe kitambaa, wakati ukiingia atawadhe kwa sala ile, asali, na Mungu anajua kinachomtoka hakimtoki kwa kutaka. Alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, halafu akaniletea maji. Vitambaa vyenyewe, kina mama, mkono uliokuwa ukivifua mkono wangu ulipokosa nguvu ulikuwa mkono wake. Fundi baiskeli, mafuta hayamtoki kwenye kucha. Alikuwa akivianika nyuma ya choo ili jirani asione, si kwa haya yake, kwa yangu.

Baada ya miezi mitatu walifunga lile tundu. Siku niliyokwenda choo kama watu nilikaa mle mpaka wakagonga mlango.

Sasa ni mwaka wa pili. Daktari yule ameshaondoka kurudi kwao, amekuja mwengine, nesi bado yupo. Hawaniambii nimepona moja kwa moja, wananiambia mpaka sasa hatuoni kitu, rudi tena. Nakwenda. Nguvu zangu hazijarudi zote na pengine hazitarudi. Mdogo wangu alikata njia kwa kinyama cha kutolewa asubuhi na jioni akapika. Mie nimefika hapa kwa kisu, kwa matambaa, kwa kufuliwa na mume. Njia ile ile, na mwito tuliitiwa siku moja. Ndiyo tofauti ya kutazamwa ukiwa mzima na kutazamwa ukishaanguka foleni.

Wanangu wawili nimewapeleka. Watoto wa kaka ni watatu. Wawili wamekwenda, na mkubwa wao akakutwa na vinyama viwili vidogo, vikatolewa. Yuko kazini, hana hata kovu. Wa tatu anakataa. Anasema haumwi na kitu, anasema madaktari wageni wanajifunzia watu, anasema sitara. Nakaa naye nakosa la kumjibu, kwa sababu maneno yote anayoyatumia ni yangu. Mniombee nipate jingine.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenipa muda ambao sikuustahili. Namshukuru mume wangu. Namshukuru yule nesi ambaye hakunisema, na daktari ambaye nilimwita mtu wa kujifunzia. Namshukuru mke wa kaka, ambaye alipojua mie naumwa alikuja kunieleza yote aliyoyafunika, akilia, ili nisiyafunike na mie. Nanyi mliokuja mkazuiwa mlangoni mkarudi tena wiki ya pili, nakushukuruni. Na mdogo wangu nilimwomba radhi. Alisema yameisha. Sina hakika kama yameisha, lakini sasa anakuja, na anakaa siku mbili tatu.

Funzo langu ni dogo. Kama baba yako, mama yako, ndugu yako wa tumbo alikufa na tumbo, au alitokwa na damu wakaita bawasiri, usikae ukingoja kuumwa. Mwenyewe ukiona damu, au choo chako kimebadilika njia bila ya sababu, au unachoka na hujui kwa nini, usijitibu kwa jina ulilolichagua wewe. Inawezekana ikawa bawasiri kweli. Wengi wao wana bawasiri kweli, nesi mwenyewe ameniambia. Basi uambiwe na aliyetazama. Na ukiwa huna dalili hata moja lakini kwenu mna historia hiyo, wewe ndiye hasa nnayesema naye.

Nnajua kuna mtu humu ndani anayenisikiliza na anahesabu moyoni. Simtafuti kwa macho, ndiyo maana nnatazama chini. Jumatano ni siku yangu ya kurudi kutazamwa. Saa kumi na mbili asubuhi ntakuwa njia panda nikingoja gari la mjini. Atakayetaka kwenda na mtu anikute pale. Njiani sitamwuliza kitu.